Msomaji wa Pili wa Jaduong' Opiyo

Siku niliyorudisha ufunguo wa maabara, vijana wa zamu walinipa keki, leso na mzigo. Mzigo wenyewe ni huu: niwaandikie mambo ya kazi yetu ambayo hayamo kwenye miongozo iliyobandikwa ukutani. Vyeo sitavigusa. Mishahara siwezi kuieleza kwa sababu hata nilipokuwa naipokea sikuielewa. Nitawaandikia juu ya mtu aliyenifundisha kusoma slaidi, na juu ya jibu alilolipata mahali ambapo sikutarajia fundi wa maabara atafute jibu lolote.

Mimi ni Boke, mzaliwa wa upande wa Kuria, karibu na mpaka. Kwetu baba alimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia kabla hajaionja yeye, na hakuna aliyewahi kuniburuta kanisani. Shuleni niliimba nyimbo za dini kama wenzangu kwa sababu kuimba kulikuwa afadhali kuliko hesabu. Nilipoajiriwa Homa Bay, nilikuwa siamini ya baba wala ya kanisani. Katika mji ule hilo ni jambo la kunyamazia. Mikutano ya idara hufunguliwa kwa sala, chai hubarikiwa, hata mashine mpya huombewa kabla ya kuchomekwa kwenye umeme. Nilifumba macho pamoja na wengine nikawa nafikiria chakula cha mchana.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Opiyo. Tulimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, ingawa wakati huo nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa mtu wa Kendu Bay, mrefu, mwenye vidole vilivyotiwa madoa ya rangi ambayo hayakutoka hata kwa sabuni ya kufulia. Hakuniuliza nimesomea wapi. Alinionyesha hadubini, ambayo sote tuliita maikroskopu tu, akanionyesha kitambaa laini cha kufutia lenzi, akaniambia kwamba atakayefutia lenzi kwa pindo la koti atamfukuza yeye mwenyewe bila kungoja barua kutoka Nairobi.

Nyinyi mnaotumia mashine mtasamehe maelezo haya. Makohozi ya mgonjwa tuliyapaka kwenye kioo, tukayatia rangi nyekundu, tukayapasha moto, tukayaosha kwa asidi, kisha tukatia rangi ya buluu juu yake. Vijidudu vya kifua kikuu hung'ang'ania wekundu wao asidi ikipita. Ukitia tone la mafuta na kutazama kwa subira, utaona vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Au hutaviona, na hapo ndipo kazi ilipo.

Slaidi ngumu ya kwanza niliyoipata niliinuka nayo kwa furaha. "Jaduong', nimeona TB hapa. Hebu thibitisha."

Aliisukuma pembeni bila hata kuitazama. "Umeshaniharibia, nyar Kuria. Sasa mimi nitaona chenye umeniambia nione. Peleka kwa mtu mwingine, na ufunge mdomo."

Nyar Kuria ni binti wa Kuria, na hilo likawa jina langu pale kazini. Sheria hiyo ndiyo aliyoilinda kuliko zote: slaidi yenye shaka husomwa na watu wawili, na wa pili haambiwi wa kwanza ameona nini. Ya pili ilikuwa kwamba hatuandiki "hakuna vijidudu." Tunaandika "havikuonekana." Nilipomuuliza tofauti yake ni nini alinitazama kwa huruma, akaniambia nirudi kwenye kiti changu nitafakari.

Jina Opiyo kwa Waluo hupewa pacha anayetangulia kuzaliwa. Anayefuata ni Odongo. Ilinichukua muda kuuliza Odongo yuko wapi, na aliyenijibu hakuwa Opiyo, alikuwa Otieno, tabibu wa kliniki ya kifua. Odongo aliugua TB akiwa kijana. Alipewa dawa, akaanza kupata nafuu. Lakini familia yao ilikuwa ikisali katika kanisa dogo la maombi pale Kendu Bay, chini ya mtu aliyeitwa Zakayo, na Zakayo alifundisha kwamba anayemeza vidonge hamwamini Mungu. Siku moja vidonge vya Odongo havikuonekana nyumbani. Watu walisema Zakayo alivichukua, wengine wakasema Odongo alivitoa mwenyewe kwa hiari. Opiyo alikuwa chuoni, akisomea kazi hii hii ya kutafuta vijidudu. Aliporudi ilikuwa ni kuzika. Tangu siku hiyo hakuingia kanisa lolote, hata kwenye harusi alikaa nje na madereva.

Kwa hiyo tulikuwa watatu tusioamini katika hospitali nzima: Opiyo, Otieno na mimi. Hatukuwa chama. Tulikuwa watu wa kula njugu karanga pamoja kwenye benchi nyuma ya maabara na kusema ovyo bila kuogopa. Otieno ndiye aliyesoma zaidi na ndiye aliyekuwa na ulimi mkali zaidi. Mpaka leo sijui mtu anayeweza kuiga mahubiri ya mkutano wa hadhara kama yeye, na machozi juu.

Lazima niwaambie jinsi sisi watatu tulivyowaona waumini, maana bila hivyo hamtaelewa kilichofuata. Waliozaliwa ndani ya dini hatukuwa na neno nao. Mtu amenyonya, ametembea, amebatizwa, ataimba kama mama yake alivyoimba. Mama za wenzangu wawili walikuwa hivyo. Tuliamini tu kwamba mtu yeyote mwenye akili yake timamu, akikaa chini akapima ushahidi kwa haki, atatokea mlango tuliotokea sisi. Hatukuwahi kulisema hivyo wazi, lakini hapo ndipo benchi letu liliposimama.

Kisha Opiyo akaanza kusoma Injili. Ilianza kwa ubishi. Kasisi mmoja mgonjwa, aliyekuwa akitibiwa kwetu akitokea upande wa Asumbi, alimwambia kwamba mtu anayekataa jibu bila kutazama kioo si fundi. Opiyo alikasirika mno, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe kwa wanafunzi. Akaazima vitabu, vya wanaotetea na vya wanaopinga, akavisoma kwa miaka. Nasema miaka. Nilihamishiwa Sindo, nikakaa huko na upepo wa ziwa na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, nikarudi, nikamkuta bado anasoma.

Mchana mmoja aliniita kwenye benchi akanipa kitabu chembamba chenye Injili nne na Matendo ya Mitume.

"Nataka msomaji wa pili," alisema. "Wewe hukulelewa na hii kitu. Macho yako ni safi. Soma uniambie unaona nini."

"Na wewe umeona nini?"

"Kwani nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

Basi nikasoma. Sikusoma kama mtu wa sala, nilisoma kama ninavyosoma slaidi, uwanja baada ya uwanja, na penseli mkononi. Niliporudi kwake nilikuwa na mengi. Nilimwambia mashahidi wa kufufuka kwa Yesu wanatofautiana: huyu ameona malaika mmoja kaburini, yule wawili. Nilimwambia inaonekana kuna walioandika wakinakili kwa wenzao. Nilimwambia watu wenye majonzi huona wapendwa wao waliokufa, kwetu Kuria ni jambo la kawaida wala hawaanzishi dini kwa sababu hiyo. Na nilimwambia kwamba kwa miaka yangu yote hospitalini sijaona aliyetoka mochari kwa miguu yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu malaika alisema wasomaji wawili wakimletea maelezo yanayofanana neno kwa neno, huwa anajua mmoja amechungulia kwa mwenzake. Kuhusu walioiga alikubali, akasema hilo limempa shida sana. Kisha akaniuliza kwa nini mtu atunge habari halafu aweke wanawake kuwa wa kwanza kufika kaburini, zamani zile neno la mwanamke likiwa halipewi uzito. Akaniuliza juu ya Paulo, aliyekuwa akiwawinda wafuasi wa huyo Yesu, hana majonzi yoyote ya kumwonyesha ndoto, kisha akageuka. Tulibishana mpaka njugu zikaisha na mgonjwa akaja kugonga dirisha.

"Haya. Jibu lako?" aliniuliza.

"Havikuonekana," nilisema.

"Mimi nimeona," alisema Opiyo.

Alilisema kwa sauti ya chini, kama anavyomwambia mgonjwa jibu ambalo mgonjwa hakulitaka. Sikuogopa dini. Niliogopa kwa sababu nilimjua mtu huyu, na nilijua hakuwahi kusema ameona kitu ambacho hakukiona, hata pale mkubwa wa hospitali alipotaka aseme.

Otieno alipopata habari alicheka kwanza, kisha akaudhika. Nami niliudhika, nisifiche. Mtu aliyezaliwa dini tulimwachia na dini yake. Huyu alichukua vyombo vyetu wenyewe, akatumia sheria zetu wenyewe, akatokea mlango mwingine, na hilo lilitukera kama mtu aliyekuja na mizani yako sokoni akapima akapata uzito tofauti. Ikabidi tutafute kasoro iko wapi. Otieno alisema ni uzee, anaogopa kaburi. Mimi nilisema ni Odongo. Nilisema sampuli imechafuka: huzuni ya pacha wake imeingia ndani na ndiyo inayosoma badala yake.

Nilimwambia hivyo uso kwa uso, maana hakuwa mtu wa kusengenywa. Hakukasirika.

"Nimeifikiria hiyo kabla yako," alisema. "Lakini angalia vizuri, nyar Kuria. Odongo aliuawa na watu wa Yesu. Huzuni yangu ilinitoa huko. Kama ni huzuni inasoma, ingesoma kama wewe."

Nilisimama pale na glavu mkononi.

"Basi kwa nini hujabatizwa?" nilimuuliza hatimaye. "Kama umeona, umeona."

Aligeuza uso kuelekea dirishani. "Kwa sababu ya Zakayo," alisema. "Bado anaishi. Nyumba yake iko karibu na yetu. Kila mwaka naenda kupalilia kaburi la ndugu yangu na namwona akipita barabarani. Kama hii maneno ni ya kweli, siwezi kuichukua nusu. Itabidi niende kwake, na si kumpiga. Si malaika wawili ama mmoja wamenichelewesha. Ni huyo."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa jicho jingine. Nilikuwa nimedhani anayechagua dini anajichagulia faraja. Huyu alikuwa amepata jibu lililomtaka afanye jambo ambalo hakulitaka kabisa, na kosa lote la hesabu zake, kama lilikuwepo, lilikuwa likimpeleka mahali pachungu. Nilianza kutamani akosee, kwa ajili yake.

Alibatizwa kwenye kanisa dogo kando ya barabara ya Asumbi. Nilihudhuria, nikakaa mstari wa nyuma kabisa nikiwa na mkoba magotini kama mtu anayesubiri gari. Otieno hakuja. Baada ya hapo alikuwa akiniuliza kila tukionana, "Je, ameshaenda kwa Zakayo?" Na kila mara nikijibu bado, alitikisa kichwa kwa namna fulani ya kuridhika. "Maji kichwani ni rahisi," alisema. "Tungoje." Nami nilikuwa nangoja, kwa shauku ambayo iliniaibisha kidogo, kwa sababu ilikuwa kana kwamba jibu lake likiwa la uongo mimi ndiye nitakayepumua.

Opiyo alistaafu, akarudi Kendu Bay kulima na kufuga kuku. Nilipelekwa Migori kwa muda, kisha nikarudishwa kusimamia ukusanyaji wa sampuli za TB kandokando ya ziwa, mimi na Otieno tukishirikiana gari moja. Ndipo binti wa Zakayo, mwanamke mkimya aitwaye Akinyi, alipokuja zahanati na makohozi ya baba yake. Mzee alikuwa akikohoa damu. Wafuasi wake hawakutaka asikie neno dawa, wakisema baba yao wa imani hawezi kuwaaibisha uzeeni. Jibu lilitoka chanya.

Mnajua sheria ya ugonjwa huu. Mgonjwa humeza dawa kila siku kwa miezi, na lazima awepo mtu wa kumwona akimeza, maana wengi huzificha chini ya ulimi na kuzitema. Akinyi alikuwa akiuza samaki sokoni tangu alfajiri. Kwenye lile kanisa hakuna aliyekubali kusimamia. Muuguzi alimwambia atafute jirani yeyote mwenye moyo.

Akaenda kwa Opiyo. Aliniambia baadaye kwamba alipiga magoti mlangoni akiwa anajua vizuri anapiga magoti kwa nani. Opiyo alimwinua, akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Akinyi alidhani amekataa na akaanza kuondoka. Kisha Opiyo akatoka amevaa viatu.

Mimi na Otieno tulifika siku chache baadaye kuwapima watu wa nyumba ile, kama ilivyo kawaida mtu mmoja akipatikana na TB. Tulikuta waumini wa Zakayo wamesimama uani na kanzu zao, wamenuna. Zakayo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amebaki mifupa na macho. Opiyo alikuwa amechuchumaa mbele yake akiwa na kikombe cha maji na vidonge kiganjani, na mzee alikuwa amefumba mdomo kama mtoto.

"Wuoda," Zakayo alisema, yaani mwanangu, na sauti yake ilitetemeka. "Niambie ukweli. Hii ni dawa ama ni sumu?"

"Baba," Opiyo alisema, "kama ningetaka ufe, si ningekaa tu nyumbani?"

Mzee akapokea kikombe. Wale wa kanzu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Otieno, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, alijishughulisha na kufungua sanduku la sampuli ambalo lilikuwa wazi.

Vijana, nimewaona madaktari wakifanya upasuaji kwa mwanga wa simu, nimewaona wakunga wakipumulia vitoto vilivyokuwa vimekatiwa tamaa. Mambo hayo yalinishangaza na bado yananishangaza. Lakini sijawahi kuona kitu kilichonitia kicho kama mtu yule kuchuchumaa pale kila asubuhi, kwa hiari yake, kwa sababu tu alipima jambo akaliona ni kweli na hakujiruhusu kulichukua nusu. Mimi bado siamini. Nimesoma tena kile kitabu chembamba, na jibu langu ni lile lile, havikuonekana. Ila sithubutu tena kusema kwamba walioamua kama Opiyo waliogopa, au walilia sana, au hawakutazama vizuri. Huyu alitazama kuliko mimi.

Tulirudi miezi miwili baadaye kuchukua makohozi ya kufuatilia. Zakayo alikuwa ameanza kunenepa, na aliweza kutembea hadi kwenye ua wa nje. Opiyo alikuwa pale, na kikombe kile kile. Mzee alitia vidonge mdomoni, akanywa maji, akabaki ameshika kikombe.

"Zile dawa za Odongo," alisema ghafla, "hakunipa. Nilizichukua chini ya mto akiwa amelala. Nilizitupa ziwani kwa mkono wangu."

Akinyi aliweka mkono mdomoni. Nilimtazama Opiyo, na niliona mshipa wa shingo yake ukisimama, na vile vidole vyenye madoa vikikunjika juu ya goti. Nilifikiri atainuka, na kama angeinuka na kuondoka nisingemlaumu hata kidogo, wala nyinyi msingemlaumu.

"Nilijua," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. "Fungua mdomo, Baba. Nione kama umemeza."

Zakayo akafungua mdomo. Opiyo akainama, akachungulia chini ya ulimi, upande huu na upande ule, kwa umakini ule ule aliokuwa akitazamia kioo. Akamwambia sawa, wataonana kesho.

Kwenye gari Otieno alishika usukani asiwashe injini. Nilikuwa na sanduku la sampuli mapajani.

"Boke," alisema, akitazama mbele, "mimi ningemwacha afe. Na ningelala usingizi wangu vizuri."

Nikamwambia hata mimi.